Mke wangu anataka tuhesabu hatua, mimi nataka kuhesabu mapigo ya moyo

Mshauri, salaam.

Mimi ni mwanamume wa miaka 48, nimeoa, na watoto wetu watatu wameshaanza maisha yao. Kazi yangu ni ya kukaa kitini kutwa nzima. Ninalokuandikia linaweza kuonekana dogo, maana kwa juu juu ni suala la kununua kifaa tu. Lakini ni wiki ya sita sasa limekaa kati yangu na mke wangu, na usiku linaninyima usingizi.

Mwaka jana nilimzika kaka yangu mkubwa. Alikuwa na miaka 51. Alianguka bafuni asubuhi, na alipofikishwa hospitali tuliambiwa moyo ulikuwa umeshasimama. Hakuwa mgonjwa, au niseme hatukujua kama ni mgonjwa. Miezi michache baadaye nikapimwa presha, ikaonekana iko juu. Daktari aliniandikia dawa, akaniambia nipunguze uzito na nitembee. Dawa nameza kila asubuhi bila kukosa. Huko kutembea ndiko kulikoleta mgogoro.

Mke wangu alilipokea agizo la daktari kwa furaha. Alisema tutembee pamoja kila jioni, tununue bangili mbili zile za mkononi zinazohesabu hatua, tuziunganishe na simu, kila mmoja awe anaona hatua za mwenzake. Amekwisha kuweka lengo: hatua 10,000 kwa siku, mimi na yeye. Hata rangi ameshachagua.

Mimi nataka mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo. Nilimweleza kwamba mkanda ni sahihi zaidi, kwamba bangili inakisia tu, na nikamsomea maelezo marefu niliyoyakusanya. Hayo yote ni kweli, ila siyo sababu yangu. Sababu yangu sijamwambia mtu. Tangu mwaka huu uanze, mara nne au tano nimehisi moyo ukiruka, kama umekosa pigo kisha ukapiga moja kubwa. Mara moja nilikuwa napanda ngazi, mara nyingine nimejilaza tu. Huchukua sekunde chache, halafu hutulia.

Kuna tukio jingine. Mwenzangu kazini aliniazima bangili yake niijaribu kwa siku mbili. Jioni ya kwanza nilitembea, kisha nikajaribu kukimbia polepole. Nikatazama mkononi, nikakuta 171. Nilikuwa nimesoma kwamba mtu akitoa umri wake kwenye 220 anapata kikomo cha moyo wake, na changu ni 172. Miguu ilinilegea, nikakaa chini pale pale kando ya njia. Nikaweka vidole shingoni kuhesabu, nikapotea hesabu mara tatu. Kama dakika moja baadaye bangili ikasema 118. Usiku ule niliamka mara nne kuitazama. Kesho yake mchana niliirudisha, na tangu hapo sijakimbia tena, wala sijatembea.

Juzi mke wangu aliniambia, "Kama hutaki kutembea na mimi, sema tu." Sikuwa na jibu.

Fedha tulizotenga zinatosha bangili mbili, au mkanda mmoja na saa ya kuupokea. Hazitoshi vyote. Naomba unisaidie: ni kifaa kipi kitanilinda? Na nifanyeje ili mke wangu aelewe bila kumtia hofu? Ameshalia vya kutosha kwa ajili ya shemeji yake.

Msomaji, miaka 48

JIBU

Ndugu yangu, pole sana kwa kumpoteza kaka yako. Kifo cha ghafla kinawaacha waliobaki na maswali ambayo aliyeondoka angeyajibu kwa neno moja, na wewe maswali hayo umeyabeba kifuani kwako mwenyewe, kwa maana zote mbili. Ahsante kwa kuyaandika.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa. Inauliza habari za bangili na mkanda, lakini ndani yake mna sentensi chache kuhusu moyo kuruka ambazo umezipitia haraka, kama mtu anayepita mbele ya mlango asiotaka ufunguke. Niruhusu nianzie hapo, kwa sababu mengine yote yanaegemea hapo.

Je, daktari aliyekuandikia dawa ya presha anajua kwamba moyo wako unaruka? Na anajua kaka yako alifariki akiwa na umri gani? Barua yako haisemi, nami nashuku hajui. Moyo kukosa pigo kisha kupiga moja kubwa ni jambo linalowapata watu wengi, na mara nyingi halina madhara. Lakini hilo "mara nyingi" si mimi wa kukuhakikishia wewe, wala si bangili, wala si mkanda. Madaktari huuliza makusudi kama baba au kaka wa mtu alipatwa na maradhi ya moyo kabla ya miaka 55, kwa kuwa jibu hubadilisha namna wanavyompima. Kaka yako alikuwa na 51. Taarifa hiyo ina uzito kuliko takwimu yoyote utakayoletewa na kifaa cha dukani.

Kwa hiyo nenda, na usingoje mpaka mmalize ubishi wa nini kinunuliwe. Andika kwenye karatasi moyo uliruka lini, ulikuwa unafanya nini, ulidumu muda gani, ukabebe na paketi ya dawa unayomeza. Huenda ukafanyiwa kipimo cha umeme wa moyo pale pale kliniki, au ukavalishwa kifaa cha kurekodi moyo kwa siku nzima au zaidi huku ukiendelea na shughuli zako. Mpaka hapo, mbio ziache kama ulivyoziacha, na kuhusu kutembea muulize yeye. Na ikitokea maumivu ya kifua, au yanayopanda taya au kushuka mkononi, au pumzi inakata, au unazimia, usitafute kifaa chochote. Tafuta msaada wa hospitali saa ile ile.

Nimetaja paketi ya dawa kwa sababu maalumu. Lipo kundi la dawa za presha liitwalo beta-bloka, ambalo kazi yake mojawapo ni kuushika moyo usiende mbio. Sijui kama yako ni mojawapo. Kama ni mojawapo, ile hesabu ya 220 kutoa umri haikuhusu kabisa, na kifaa kitakachokuwekea viwango vya mazoezi kwa kutumia umri wako tu kitakuwa kinamzungumzia mtu mwingine. Swali hilo daktari au mfamasia hulijibu kwa kuitazama paketi tu.

Sasa turudi kando ya ile njia ulipokaa chini. Jioni hiyo moja imekufungia ndani kwa wiki nyingi, kwa hiyo inastahili kuchunguzwa polepole.

Bangili ya mkononi haiusikii moyo. Chini yake kuna taa ndogo, mara nyingi za kijani, zinazomulika ngozi. Damu hufyonza mwanga wa kijani. Kila moyo unapopiga, damu huongezeka kidogo kwenye mishipa ya mkono na mwanga unaorudi hupungua, nayo bangili huhesabu huko kupungua na kurudi. Ukikaa ukatulia, hufanya kazi nzuri. Ukianza kukimbia, mkono unatikisika, bangili inacheza juu ya ngozi, na mwanga unapanda na kushuka kwa kufuata mtikisiko. Hapo kifaa huweza kuacha kufuata moyo kikaanza kufuata miguu. Mtu anayekimbia polepole hupiga hatua kama 160 au 170 kwa dakika. Unaiona 171 yako hapo? Tena unasema dakika moja baadaye ilikuwa 118. Moyo hushuka mtu akisimama, ndiyo, lakini kushuka mapigo 53 kwa dakika moja, tena kwa mtu aliyekuwa ameingiwa na hofu, ni kushuka kwa kasi mno. Nashuku ulihesabiwa nyayo zako. Nashuku tu, siwezi kuapa, maana inawezekana pia kwamba namba ilikuwa ya kweli. Vidole vyako vingeweza kuamua, lakini navyo vilikuwa vinatetemeka.

Halafu hebu tuitazame hiyo 172. Hesabu ya 220 kutoa umri imezagaa tangu miaka ya 1970, na urahisi wake ndio uliyoieneza kuliko uthabiti wake. Mwaka 2001 watafiti walipendekeza nyingine, 208 kutoa asilimia 70 ya umri, ambayo kwako inatoa kama 174. Zote mbili ni wastani wa watu wengi. Watu wawili wenye umri mmoja, wote wazima, wanaweza kupishana mapigo 20 katika kilele chao. Kwa hiyo 172 haikuwa ukingo wa shimo uliloponea kwa pigo moja, ingawa naelewa kabisa kwa nini siku ile ilionekana hivyo.

Unauliza kipi kati ya viwili kitakulinda. Ngoja nikueleze vilikotoka, kwa sababu kila kimoja kilizaliwa kikiwa na swali lake.

Mkanda wa kifuani usiotumia waya ulitokea Ufini. Kampuni ya Polar ilianzishwa huko mwaka 1977, na wazo lilikuwa kuwasaidia wanamichezo wa mbio za kuteleza kwenye theluji kujua mioyo yao inajitumaje wakiwa njiani, mbali na maabara. Mwaka 1982 kifaa kikaingia sokoni. Mkanda una vipande viwili vinavyogusa ngozi na kunasa umeme wa moyo wenyewe, ndiyo maana hauyumbishwi sana na mkono kutikisika. Swali lake ni: katika zoezi hili, sasa hivi, moyo unajituma kiasi gani? Uko sahihi kwamba swali hilo unalijibu vizuri kuliko bangili. Ila lazima uloweshwe kidogo kabla ya kuvaliwa, maana ukiwa mkavu nao hutoa namba za ajabu dakika za mwanzo. Na ukiuvua, umenyamaza. Moyo ukiruka saa nane za usiku, mkanda utakuwa unaning'inia msumarini. Hata ukiwa nao kifuani, utakuonyesha namba tu. Kwamba pigo lile lilikuwa la kawaida au la hatari, hautakwambia.

Kuhesabu hatua kulipata umaarufu Japani. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa ilitoa kifaa kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Lengo ambalo mke wako amewawekea linatoka kwenye jina la bidhaa, na naomba umwambie hivyo kwa upole, maana ni habari njema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu wanawake wazee wapatao 16,700 ulionyesha kwamba waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea kama 2,700, na faida iliendelea kupanda hadi karibu 7,500, kisha ikatulia. Nyinyi si wanawake wa miaka 72, kwa hiyo msizichukue namba hizo kama zenu. Lakini mnaweza kuanza chini ya elfu kumi bila kujiona mmeshindwa. Swali la bangili ni: leo, kutwa nzima, umeinuka kitini kiasi gani? Kwa mtu wa kazi kama yako si swali dogo.

Bangili nyingi siku hizi hupima na mapigo ukiwa umepumzika, siku hadi siku, jambo ambalo mkanda haulifanyi. Mwelekeo wa wiki kadhaa unaweza kuwa na maana, namba ya usiku mmoja ni nadra kuwa nayo. Na kalori inazodai umechoma usiziamini sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba vya mkononi mwaka 2017. Vingi vilisoma mapigo vizuri, lakini kwenye kalori kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27.

Utaona kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivi viwili kinachouliza swali lako. Swali lako, kama nimekusoma sawasawa, ni hili: je, na mimi nitaanguka kama kaka? Ulipokuwa unaamka mara nne usiku kutazama bangili, hukuwa unatafuta namba, ulikuwa unatafuta mtu wa kukwambia hapana. Naogopa mkanda, kwa usahihi wake wote, unaweza kukupa sababu bora zaidi ya kuamka mara nane. Naogopa vilevile kwamba bangili, ikiwa mkononi kutwa na kucha, itakuwa karibu mno na macho yako. Hilo ulipime mwenyewe, unajijua kuliko ninavyokujua.

Kuna jambo jingine, na ukiona nimekosea uniwie radhi. Mkanda huvaliwa ndani ya shati. Hakuna anayeuona. Bangili iko wazi, na mke wako ameomba muone namba za kila mmoja. Inawezekana kwamba ulipokuwa unatetea usahihi wa mkanda, ulikuwa pia unatetea mahali pa kuificha hofu yako? Na yeye aliposema, "Kama hutaki kutembea na mimi, sema tu," huenda hakuwa anazungumzia bangili hata kidogo. Watoto wameondoka, shemeji amezikwa, mume amepewa dawa ya presha. Ameona jioni moja ndefu mbele yenu akasema tuitembee pamoja. Wewe ukamjibu kwa maelezo ya vipimo.

Unasema hutaki kumtia hofu. Je, una hakika hana hofu tayari? Mtu anayelala kando yako anajua umeamka mara nne. Asichokijua ni kwa nini, na akili ikiachwa peke yake hujaza pengo kwa jambo baya kuliko lililopo. Kumwambia kuna hatari yake. Anaweza kulia, anaweza kukulinda kupita kiasi, akakataa hata usipande ngazi. Lakini ukiwa na tarehe ya kumwona daktari mkononi, habari inakuwa na mahali pa kwenda. "Moyo wangu umekuwa ukiruka, nimeogopa kukwambia, tunakwenda kupimwa siku fulani, naomba unisindikize." Sidhani maneno yanahitaji kuzidi hayo.

Baada ya hapo, kuhusu fedha zenu, njia zipo kadhaa. Daktari akisema uruhusiwe kufanya mazoezi huku ukifuatilia mapigo kwa karibu, mkanda utakuwa na kazi ya kweli, na yeye ndiye atakayekupa viwango. Mke wako basi anaweza kuhesabu hatua kwa simu yake, kwa kuwa simu nyingi zina uwezo huo, ingawa simu iliyoachwa mezani haihesabu kitu. Akisema tembea tu, bangili mbili zitawapa jambo la kufanya pamoja, na kwenye nyingi unaweza kuzima onyesho la mapigo ukabakisha hatua. Ipo pia njia ya kununua bangili moja sasa ya kiwango kinachoweza kupokea mkanda, na mkanda uje siku nyingine. Shida yake ni kwamba mmoja wenu atatembea na mwingine atahesabiwa, na kwa hali mliyo nayo hilo linaweza kuuma. Au msinunue chochote kwa mwezi mzima. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 halikutaja idadi ya hatua. Linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kujituma kwa wastani, na dakika unaweza kuzihesabu kwa saa ya ukutani. Kujituma kwa wastani kuna kipimo chake cha zamani: unaweza kuzungumza na uliye naye, lakini huwezi kuimba. Kipimo hicho kinamhitaji mtu wa kuzungumza naye.

Na vile vidole vilivyopotea hesabu mara tatu, navyo vifundishe tena mkiwa mmekaa nyumbani bila haraka. Usivibonyeze shingoni, tumia kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, kwa vidole viwili na bila kukandamiza. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Mwombe mke wako ashike saa, wewe uhesabu. Kisha mbadilishane, uhesabu na yake.